Maana ya maneno: MAMA

Juma hili tumechagua neno ambalo hakuna asiyelijua. Mtoto hulitamka kabla hajajua kutembea, na mzee hulitaja katika uchungu wake. Neno lenyewe ni MAMA. Lakini tukiulizwa, «Limetoka wapi?», wengi wetu hunyamaza. Wengine hujibu kwamba tulilipokea kwa Wazungu, kwa kuwa Wafaransa husema maman. Je, ndivyo? Sivyo hata kidogo.

Tusikilize kwanza kinywa cha mtoto mchanga. Akilitaka ziwa, hufumba midomo na kutoa sauti puani: mmm. Akifumbua kinywa, sauti yawa ma. Akirudia, yawa mama. Ndiyo sababu neno la namna hii lasikika katika lugha nyingi zisizo na udugu wowote. Mtaalamu mmoja wa Marekani, George Peter Murdock, alikusanya maneno 1,072 ambayo mataifa mbalimbali huyatumia kuwataja mama na baba. Mwenzake Roman Jakobson, mzaliwa wa Urusi, alieleza mwaka 1960 kwamba katika kila maneno 100 ya kumtaja mama, 55 yana sauti za puani kama m na n. Katika yale ya baba ni 15 tu. Lakini hiyo si sheria isiyovunjika. Katika lugha ya Georgia, mama maana yake ni baba, na mzazi wa kike huitwa deda!

Basi, sauti ni ya mtoto, bali maana ni ya wakubwa. Na wazee wetu wenye lugha za Kibantu waliipa sauti hiyo maana ya pekee. Wao hawakutosheka na neno moja, walikuwa nayo matatu. Katika Kinyarwanda na Kirundi twakuta mama, nyoko na nyina. Mama ni yule aliyenizaa mimi. Nyoko ni yule aliyekuzaa wewe. Nyina ni yule aliyemzaa yeye. Wabemba wa Zambia na wa kusini ya Katanga husema mayo, noko na nyina. Hata Wazulu, kule mbali Afrika Kusini, husema umama, unyoko na unina. Watu waliotengana hivyo hawakuazimana maneno haya jana wala juzi. Ni urithi wa ukoo mmoja, wa zamani kuliko merikebu ya kwanza ya Wazungu kutia nanga katika pwani zetu.

Kiswahili nacho kilipata sehemu ya urithi huo. Neno nina, yaani mama, lingali katika kamusi na katika mashairi ya kale. Lakini nyoko limepatwa na msiba. Watu walizoea kusema «mama yako», na lile neno la zamani likabaki katika vinywa vya wagomvi. Leo ni tusi linaloweza kuwatoa watu damu. Neno lililokuwa la heshima limegeuzwa jiwe la kumtupia mwenzako!

Tazameni sasa jambo la ajabu. Katika hesabu ile ya wazee, mama si mzazi wa mtu yeyote tu. Ndani ya neno lenyewe mna «wangu». Ndiyo kusema, tunapomwita «Mama» yule auzaye mihogo sokoni, au mke wa jirani, au mgeni tusiyemjua jina, asili ya maneno yetu ni hii: «Wewe ndiwe mzazi wangu.» Hatukusema nyoko, wa wewe, wala nyina, wa yule. Tumejifanya watoto wake. Tena desturi yetu yafuata njia hiyo hiyo: dada wa mama hatumwiti jina jingine, bali ni mama mkubwa au mama mdogo, naye ana haki ya kututuma na kutukemea.

Vijana, yafikirini haya mnapocheza mpira au mnapogombana njiani kutoka shuleni. Asubuhi ulimsalimu mzazi wa mwenzako, «Jambo, Mama», naye akakupa maji ya kunywa. Jioni wamtukanaje kwa mwanawe, kana kwamba ni mtu wa mbali? Ulikwisha kumwita wako.

Nasi wazazi tujichunguze. Watoto hawakujifunza tusi hilo kwa ndege wa porini. Walilisikia nyumbani, baba alipokasirika. Neno nyoko halikukosa kitu, sisi ndio tuliolichafua. Tulilinde basi hili lililobaki, lisije likapatwa na msiba ule ule.