Nani atatoa kibali cha kuchimba angani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe dukuduku langu kuhusu kampuni za watu binafsi zinazojiandaa kuchimba madini katika asteroidi, yaani yale mawe makubwa yanayolizunguka Jua kama sayari zifanyavyo.

Nilipokuwa nikifundisha habari za Jua na sayari zake, mwanafunzi mmoja wa darasa la sita aliniuliza: "Mwalimu, kibali cha kuchimba huko wanakichukua kwa nani?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa wilayani kwetu Mbinga yanachimbwa makaa ya mawe ya Ngaka, na hata mtoto anajua kampuni haichimbi bila leseni ya Serikali. Sheria yetu inasema madini ni mali ya Jamhuri, chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Anayechimba hulipa mrabaha, na mwenye mali anajulikana.

Huko angani mwenye mali ni nani? Kifungu cha 2 cha Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 kinakataza taifa lolote kujitwalia Mwezi au kitu kingine cha angani, iwe kwa kudai mamlaka, kwa kukitumia, kwa kukikalia au kwa njia nyingine yoyote. Hata hivyo, mwaka 2015 Marekani ilitunga sheria inayowapa raia wake haki ya kumiliki na kuuza watakachokitoa huko. Luxembourg ikafuata mwaka 2017, na Japani mwaka 2021. Watetezi wa sheria hizo wanasema jiwe lenyewe halimilikiwi, kinachomilikiwa ni kile kilichotolewa tu, kama samaki wa bahari kuu.

Hoja hiyo siikubali. Mvuvi wa Mbamba Bay samaki ni wake na ziwa si lake, ni kweli. Lakini anatakiwa awe na leseni, na samaki wanaobaki huzaliana. Jiwe la chuma halizai. Ukilichimba mpaka likaisha, umebakiza nini ambacho hukukimiliki?

Najua wapo watakaosema mambo haya yako mbali nasi. Kweli, chombo cha Marekani kilileta gramu 121 hivi tu kutoka asteroidi ya Bennu mwaka 2023. Lakini kilindi cha bahari nacho kilikuwa mbali, na bado Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 ulitamka kuwa madini ya huko, nje ya mipaka ya mataifa, ni urithi wa pamoja wa wanadamu. Ikaundwa mamlaka ya kutoa vibali, yenye makao yake Jamaica. Tume iliyoiandalia njia iliongozwa tangu mwaka 1983 na Mtanzania mwenzetu, Ndugu Joseph Warioba. Hatukuwa na meli hata moja ya kuchimba huko, lakini tulikuwa na kauli.

Mkataba wa Mwezi wa mwaka 1979 unatumia maneno hayo hayo ya urithi wa pamoja, nao unahusu asteroidi pia. Marekani, Urusi na China hazikujiunga. Hata hivyo, tangu mwaka 2021 Umoja wa Mataifa una kikundi kazi kinachojadili kanuni za rasilimali hizi. Naiomba Wizara yetu ya Mambo ya Nje itueleze, kupitia ukurasa huu, Tanzania inasimamia upande gani katika suala hili, na kama wanasheria wetu wanapeleka maoni huko. Mwanafunzi wangu bado anasubiri jibu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Maguu, Mbinga.