Njoo Ukae Nyuma, Bwana Mkubwa

Ndugu wafanyakazi,

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Na adhabu ya nyuma ya lori aijuaye mtu wa gengi. Anayeketi mbele kando ya dereva, juu ya kiti cha sponji, hawezi kuijua hata akisomewa barua mia.

Twasema juu ya lori linalotupeleka kazini kutengeneza njia ya reli. Kwa muda wa miezi minane limetupiga migongo kama mtu atwangaye mahindi. Tulipolalamika tulipewa majibu matatu. La kwanza, lori ni lori, si motokaa ya harusi. La pili, barabara ni mbaya. La tatu, ninyi mmezoea starehe. Mwenzetu mmoja, mzee wa kazi, aliposhindwa kuinama kushika mataruma, aliambiwa kwamba amezeeka, na siku alizolala nyumbani zikakatwa katika mshahara wake.

Haya, tuyapime majibu hayo. Barabara ni ile ile, dereva ni yule yule, na sisi ni wale wale. Kabla lori halijaingia karakana halikutupiga hivi. Lilipotoka ndipo taabu ilipoanza. Basi kilichobadilika ni lori, wala si barabara wala si starehe yetu. Hata mtoto wa darasa la pili aweza kuifanya hesabu hii.

Lilitengenezwaje? Springi za nyuma zilikuwa zimelala kwa sababu ya mizigo ya mataruma. Karakana ikaongeza bamba moja la chuma kila upande, ikafunga na shokamzoba mpya. Tangu siku hiyo kila tukilalamika twaambiwa, "Mmetengenezewa, mwataka nini tena?"

Ndugu zangu, kubadilisha vyuma si kutafuta ugonjwa. Daktari asiyempima mgonjwa, akampa dawa ya kila rangi, huyo si daktari. Gari likiwa gumu nyuma, kuna mambo ya kutazama kwa utaratibu, tena yaliyo mengi hayataki hata senti moja.

Kwanza upepo wa magurudumu. Pima kwa geji asubuhi, tairi likiwa baridi. Tairi lililojazwa kwa mzigo kamili, kisha likabeba watu kumi na vyombo vyao, huruka kama mpira.

Pili, chungulia nafasi kati ya ekseli na ule mpira wa kuzuia ulio chini ya chesisi. Kama springi imelala, ekseli hugonga mpira ule kila penye shimo. Aliye juu husema springi ni ngumu mno, kumbe ni dhaifu mno! Hapo ndipo wengi hupotea.

Tatu, shokamzoba. Zifungue upande wa chini, uendeshe lori tupu polepole ndani ya yadi. Likilainika, umempata mwizi. Likibaki gumu, usimsingizie asiye na hatia.

Nne, springi yenyewe. Hesabu mabamba, ulinganishe na kitabu cha mtengenezaji. Tazama kutu katikati yake, maana mabamba yapaswa kuteleza moja juu ya jingine. Yakishikana kwa kutu huwa kama bamba moja nene lisilopinda.

Tano, viungo vya miisho. Springi ikibeba mzigo hunyooka, na ikinyooka hurefuka. Kwa hiyo kile kiungo kifupi cha nyuma kimewekwa ili kiyumbe na kuipa nafasi. Kikishikwa na kutu, springi haina pa kwenda. Na kama bushi ni za mpira, bolti zake zisikazwe gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia. Ukizikaza hivyo kisha ukalishusha gari, mpira hujisokota na kubaki umesokotwa mchana na usiku. Shusha gari kwanza, likalie magurudumu yake, ndipo ukaze.

Fundi mmoja, mwenzetu wa chama, alitazama hayo kwa ruhusa ya dereva. Tairi zilijazwa kupita kiasi. Bamba lililoongezwa halimo katika kitabu. Na bolti zilikazwa magurudumu yakiwa hewani. Alipozilegeza, akazikaza upya lori likiwa chini, na kupunguza upepo mpaka kipimo cha kitabu, tulikwenda kazini siku hiyo tukizungumza bila kuumana ndimi. Gharama ilikuwa spana na nusu saa. Shokamzoba mpya zilinunuliwa bure, bali mshahara wa mzee haujarudishwa.

Wapo wasemao kwamba ugumu ndio nguvu. Si kweli. Ford Mustang, gari la Marekani lililoanza kuuzwa mwaka 1964, nyuma lilikalia springi za mabamba kama lori letu. Chevrolet Camaro ya mwaka 1967 ilikuwa na bamba moja tu kila upande. Wenye magari hayo ya zamani mara nyingi huongeza springi ngumu wapendeze macho, kisha hulia kwamba mgongo wauma. Tofauti ni moja. Yule hujiumiza kwa gari lake mwenyewe, aweza kuliuza. Sisi tukishuka, twaitwa watoro.

Na sisi tusijitakase. Ni nani alipakia mataruma kupita kiasi ili tusirudi safari ya pili? Ni sisi. Springi zililala mikononi mwetu pia, na tuliona tukanyamaza.

Basi twadai haya. Bamba lisilo la kitabu liondolewe, na springi zirudishwe katika umbo lake. Mzigo upimwe. Lori likitoka karakana, mjumbe wa wafanyakazi na mkubwa wa karakana waketi nyuma pamoja, waende maili tano kabla ya karatasi kutiwa sahihi. Mshahara wa mzee urudishwe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kamati ya usalama mahali penye watu 20 au zaidi. Jambo hili lipelekwe huko kwa maandishi, si kwa manung'uniko ya kantini.

Nawe ndugu, usikubali kuambiwa kwamba umezeeka kabla chuma hakijapimwa.

Bwana Mkubwa, nafasi ipo. Njoo ukae nyuma.

Mimi mwenzenu wa gengi.