Vijana waliokimbia vita waachwe wakimbie mbio

Hapa Kivu ya Kaskazini, neno kukimbia linauma. Wengi walikimbia kutoka Sake hadi Goma, zaidi ya kilometa 20, mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Ndiyo maana kijana aliyehama akianza mazoezi asubuhi, wazazi humwambia anamaliza nguvu bure. Hawakosei kabisa. Marathoni ni kilometa 42 na mita 195. Anayekula mara moja kwa siku asiijaribu.

Lakini kumkataza si jibu. Yonas Kinde, mkimbizi kutoka Ethiopia aliyekuwa dereva wa teksi huko Luxembourg, alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 katika timu ya wakimbizi. Alikuwa wa 90. Hakupata medali, lakini alimaliza, kwa saa 2 na dakika 24.

Kijana asiyezoea aanze na kilometa 3, akitembea na kukimbia, kisha aongeze polepole kwa miezi mingi. Viongozi wa mitaa, makanisa na misikiti wasaidie kwa mambo matatu: maji, uji, na barabara yenye usalama asubuhi. Bila hayo, kumhimiza kijana akimbie ni kumdanganya.