Chatini ya maembe: Hesabu ianzie kwenye chupa

Msimu wa maembe unapopamba moto nchini Tanzania, kati ya Novemba na Februari, bei hushuka na mafungu mengi huozea sokoni. Ndipo kina mama wengi wa mijini wanaposhawishika kupika chatini nyumbani kwa ajili ya biashara. Wazo ni zuri, lakini hesabu za wengi zina kasoro. Hupanga bei kwa kuangalia embe, ambalo wakati huo ndilo kitu rahisi kuliko vyote vinavyoingia katika sufuria.

Vipimo vyenyewe vinaonyesha hivyo. Maembe yasiyoiva sana kilo moja na nusu, yakimenywa na kutolewa kokwa, hubaki takribani kilo moja. Kiasi hicho huhitaji sukari nusu kilo, siki nusu lita, vitunguu robo kilo, pamoja na tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na chumvi. Mchanganyiko hutokota kwa moto mdogo kwa saa moja hadi saa moja na nusu, mpaka uwe mzito. Mpishi hupata chupa nne hivi za gramu 300.

Kwa hiyo fedha nyingi huenda kwenye sukari, siki, mkaa na chupa yenye kifuniko. Sukari ni hatari zaidi kwa mwenye mtaji mdogo. Mapema mwaka 2024 ilipoadimika nchini baada ya mvua kubwa kukwamisha uzalishaji viwandani, bei ilipanda hata Serikali ikatangaza bei elekezi. Uhaba huo uliangukia katika msimu uleule wa maembe.

Hali ikiwa hivyo, kishawishi ni kupunguza sukari na siki. Hilo ni kosa. Vitu hivyo ndivyo vinavyozuia chatini isiharibike. Anayevipunguza huuza bidhaa itakayochacha kabatini mwa mteja. Chupa za jemu zilizotumika zinafaa tena zikioshwa na kuchemshwa. Kifuniko kilichochubuka hakifai, kwani siki hula bati na kuleta kutu.

Kosa la pili ni haraka. Chatini huwa tamu zaidi ikikaa wiki nne au zaidi kabla ya kufunguliwa. Anayeiuza Januari hushindana na embe bichi la pilipili na chumvi linalouzwa kila kona. Anayeiweka hadi Mei au Juni hukuta embe limeadimika na mnunuzi yuko tayari kulipa bei nzuri.

Tatizo ni kwamba kusubiri miezi minne kunafunga mtaji, na mama mmoja mwenye jiko moja hawezi. Vikundi vya watu watano au sita vinaweza: kununua sukari kwa mfuko, chupa kwa katoni, na kupeleka sokoni sehemu tu ya akiba kila mwezi. Kikundi pia hupata urahisi wa kupitia SIDO kutafuta nembo ya ubora ya TBS. Bila nembo hiyo, milango ya maduka makubwa ni migumu kufunguka.

Anayetaka kuanza msimu ujao na aulize bei ya chupa na sukari mwezi Oktoba, kabla embe la kwanza halijafika sokoni. Hesabu ikikataa wakati huo, wingi wa maembe hautaibadilisha.