Kidonge kilichomponza Pogba hata misuli hakijengi

Agosti 20, 2023 Juventus waliichapa Udinese mabao 3-0 na Paul Pogba hakucheza hata dakika moja. Alikaa benchi hadi filimbi ya mwisho, kisha akaitwa kutoa mkojo. Majibu yakaonyesha mabaki ya testosteroni, homoni ya kiume, ambayo haikutoka mwilini mwake. Februari 2024 akafungiwa miaka minne. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ikaipunguza hadi miezi 18, ikikubali kwamba hakukusudia: alimeza DHEA, kirutubisho alichopewa na daktari wa Florida. Marekani kinauzwa dukani kama vitamini tu.

Mashabiki walibishana kama jamaa kaonewa. Wachache waliuliza: hivi hiyo DHEA ingemsaidia nini?

Karibu na sifuri. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani waliwapa vijana wa kiume DHEA kwa wiki nane huku wakibeba vyuma. Testosteroni haikupanda, na nguvu zao hazikuwazidi wenzao waliopewa vidonge hewa.

Sasa geuza lile kopo lenye picha ya bondia uliloliona jimu, linaloahidi "kupandisha homoni". Mara nyingi utakuta limeandikwa tribulus. Usitishwe na jina, huo ni mbigili, ule ule unaotuchoma nyayo tukicheza peku mchangani! Mwaka 2007 wachezaji 22 wa raga Australia walijaribiwa kwa wiki tano za maandalizi ya msimu. Waliotumia mbigili na wasiotumia wote waliongezeka nguvu, tena sawasawa. Kazi ilifanywa na mazoezi.

Testosteroni yenyewe ni kweli inajenga. Mwaka 1996 wanaume waliochomwa sindano ya miligramu 600 kila wiki, kwa wiki kumi, waliongezeka misuli hata wale ambao hawakugusa chuma. Lakini hicho ni kipimo kikubwa mno, ni dawa iliyopigwa marufuku, na ukiizoea korodani zinasinyaa na mbegu zinapungua. Kwa hiyo kopo likikuambia linapandisha homoni, ama linakudanganya, ama kuna kitu ndani ambacho hakijaandikwa.

Hilo la pili si uzushi. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima virutubisho 634 kutoka nchi 13, na matokeo yakatoka mwaka 2004. Katika 94 kulikuwa na homoni ambazo lebo haikuzitaja. Karibu kopo moja katika kila saba.

Kinachofanya kazi kinajulikana na hakina mbwembwe. Kreatini, gramu 3 hadi 5 kwa siku, inasaidia kwenye mbio fupi za kurudiarudia, zile za winga kupanda na kushuka. Inaruhusiwa. Kilo moja au mbili unazoongeza mwanzoni ni maji zaidi kuliko nyama, usijidanganye kwenye kioo. Protini nayo ni chakula: mayai, maharage na dagaa vinatosha kwa wengi wetu.

Kwa mwenye mkataba, kanuni ni kali: kilichokutwa mwilini ni chako, hata kama lebo ilisema uongo. Pogba alikuwa na mawakili wa kumfikisha CAS, na bado miezi 18 ilimwishia nje.