Kijidudu cha Mtindi na Kumbukumbu ya Adui



Mtindi wa nyumbani twaujua. Mama huchemsha maziwa, huyaacha yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha hutia vijiko viwili vya mtindi wa jana na kufunika. Wanaoyagandisha ni bakteria, viumbe wa seli moja wasioonekana kwa macho. Nao wana adui: virusi viitwavyo faji, ambavyo huwinda bakteria peke yao. Faji hutua juu ya bakteria, huingiza vinasaba vyake ndani, na kuilazimisha seli itengeneze nakala zake mpaka ipasuke. Baadhi humaliza kazi hiyo kwa muda wa nusu saa. Katika viwanda vya jibini na mtindi, shambulio kama hilo huweza kuharibu pipa zima la maziwa.

Je, kiumbe huyu mdogo hujihami vipi? Njia ni nyingi, tutaje tatu.

Ya kwanza ni ukaguzi. Bakteria huweka alama za kikemikali kwenye vinasaba vyake mwenyewe. Vinasaba vigeni visivyo na alama hiyo hukatwa vipande na vimeng'enya maalumu. Kwa kuvigundua vimeng'enya hivyo, Werner Arber, Daniel Nathans na Hamilton Smith walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Ya pili ni kuwakinga jirani. Seli iliyokwisha kuvamiwa hujiangamiza kabla kirusi hakijakamilisha nakala zake, na wenziwe wakasalimika.

Ya tatu, iliyo ya ajabu zaidi, ni kumbukumbu. Bakteria aliyenusurika huchukua kipande kifupi cha vinasaba vya kirusi na kukipachika ndani ya vinasaba vyake, mahali paitwapo CRISPR. Kirusi cha aina ile kikirudi, nakala ya kipande hicho huiongoza protini yenye kukata mpaka kwa adui, nayo humkatakata. Bakteria anapogawanyika, wanawe hurithi orodha yote ya maadui.

Wanasayansi wa Japani waliiona sehemu hiyo mwaka 1987, wasijue ni ya nini. Mwaka 2005 Francisco Mojica wa Hispania alionyesha kuwa vipande vilivyomo vinafanana na vya virusi. Mwaka 2007 watafiti wa kampuni ya Danisco, wakiwamo Rodolphe Barrangou na Philippe Horvath, walithibitisha jambo hilo kwa bakteria wa mtindi. Waliwatia bakteria faji, wakawachukua walionusurika, wakakuta wameongeza vipande vipya vya faji wale wale. Vipande vilipoondolewa, kinga nayo ilitoweka.

Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha kuwa protini mojawapo ya kinga hiyo, Cas9, yaweza kuelekezwa ikate kinasaba chochote tunachokichagua. Walipata Nobel mwaka 2020. Na Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya kwanza iliyotokana na mkasi huo, Casgevy, kwa wagonjwa wa selimundu. Chembe mama za damu hutolewa kwa mgonjwa, hukatwa mahali palipokusudiwa ili mwili urudie kutengeneza hemoglobini ya uchangani, kisha hurejeshwa.

Alhamdulillah, lakini huko Marekani bei yake ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Nasi Tanzania tu miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu. Dawa hiyo bado iko mbali na wanetu.

Lililo karibu ni kukumbuka. Mwenye jeni moja ya selimundu kwa kawaida huwa mzima wala hajijui. Wakioana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuleta mtoto mgonjwa. Katika nyumba nyingi bibi anamjua ndugu yake aliyefariki mdogo kwa upungufu wa damu na maumivu ya viungo, lakini hasemi, kwa kuchelea posa ya mjukuu kuvunjika. Bakteria huwarithisha wanawe habari za adui. Sisi twawaficha wetu.

Hata sisi wa kamati hatuna udhuru. Wanaokuja kuandikisha ndoa huwauliza habari za walii, mahari na mashahidi; selimundu hatukuwa tukiuliza. Tangu mwezi huu tunauliza, kwa siri na kwa adabu, na kuwaelekeza wapime damu kabla ya siku kupangwa. Kupima si kuvunja posa. Ni kuwapa vijana nafasi ya kuamua wakijua. Nanyi wazazi, tafadhali, waambieni wanenu mnayoyajua ya ukoo wenu kabla hawajafika kwetu.

Wabillahi tawfiq.