Twende Porini Bila Shoka



Hapa Kasansa pori haliko mbali. Ukiyapita mashamba ya mpunga na mahindi, unafika kwenye miti. Je, mara ya mwisho ulikwenda huko kufanya nini? Labda ulikwenda kutafuta kuni, miti ya kujengea, au ng'ombe aliyepotea. Ulikwenda na shoka, ukarudi na mzigo. Wengi wetu tunakwenda porini kuchukua tu. Mimi nasema twende pia kutembea, kukaa na kujifunza.

Kwanza, pori hupumzisha mwili. Mwezi wa Oktoba jua ni kali, na nyumba ya bati huwa kama tanuri. Miombo hutoa majani mapya, mengine mekundu, hata kabla mvua haijanyesha. Basi kivuli kinarudi wakati tunapokihitaji sana. Huko Japani, mwaka 1982 serikali ilianza kuwahimiza watu watembee polepole msituni kwa ajili ya afya. Baadaye wataalamu waliwapima watu waliotembea hivyo. Waliona kwamba shinikizo la damu lilishuka kidogo. Lakini usiache vidonge ulivyopewa zahanati. Matembezi hayachukui nafasi ya dawa.

Pili, pori lina chakula. Kuna ukwaju, ubuyu, furu na mabungo. Mvua za kwanza zikinyesha, kuna uyoga. Lakini nani anawafundisha watoto wetu vyakula hivi? Asubuhi mtoto yuko shuleni, jioni yuko shambani. Bibi anayeujua uyoga anazeeka. Akifa kabla hajafundisha, ujuzi wake unazikwa naye.

Hili si jambo dogo. Uyoga wa sumu hauna alama moja ya kuutambua. Kuupika hakuondoi sumu yote. Anayeujua ni yule aliyefundishwa na mjuzi, aina moja baada ya nyingine, kwa kuona na kushika. Mafunzo hayo hayatolewi jikoni. Hutolewa porini.

Wengine watasema, "Kukaa chini ya mti ni uvivu. Kazi ni nyingi." Ni kweli, kazi ni nyingi. Lakini siku ya mapumziko tunayo. Saa mbili za siku hiyo zinatosha.

Ukienda, shika mambo haya:

1. Usiende peke yako, wala usiwaache watoto peke yao. Usivuke mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Huko kuna simba, tembo na nyati, na kuingia kunahitaji kibali.

2. Jikinge na mbung'o. Vaa nguo ndefu zenye rangi hafifu. Nguo za buluu na nyeusi huwavuta. Mbung'o huweza kuleta malale. Ukipata homa au kichwa kikiuma baada ya kutoka porini, nenda zahanati mapema. Mweleze mganga kwamba ulikuwa porini, asidhani ni malaria tu. Malale hutibika, lakini ukichelewa huua.

3. Usile uyoga wala tunda usilolijua.

4. Usiwashe moto. Moto mmoja wa kiangazi huunguza miche ya miaka mingi.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafundisha wananchi kuchimba vyoo na kujikinga na magonjwa. Mwaka 1980 kampeni ya Misitu ni Mali iliwafundisha kupanda na kutunza miti. Kwa maoni yangu, mafunzo hayo mawili ni somo moja. Msitu ni mali, na msitu ni afya.

Mtu hatunzi kitu asichokijua. Mtoto anayelijua pori kwa shoka tu, akikua atalimaliza kwa shoka. Anayejua kivuli chake na matunda yake atauliza kwanza kabla ya kukata.

Basi, siku ya mapumziko ijayo, mwombe bibi au babu awaongoze. Wachukueni watoto. Shoka libaki nyumbani.